Vipuri vya Cherehani

Hakuanza na dawa. Alianza na salamu:
"Fundi, mmeamkaje huko Malindi? Mvua imewafikia?"
Ilikuwa imefika. Ilikuwa inagonga
bati la kibanda changu pale Maweni,
na katika watu wote wa mji huu
waliopita na sare za watoto wao mikononi
hakuna aliyeuliza.

Duka la dawa nalijua. Ni la Swabri,
niliyemshonea kanzu ya harusi yake.
Mlangoni kuna benchi, kwenye benchi kuna Bi Zaituni,
na Bi Zaituni ana masikio.
Ningeingiaje pale, mtu wa miaka hamsini na minne,
niliyeoa juzi mara ya pili,
nikatamka shida yangu kwa sauti ya kusikika?

Yule wa simuni hakuwa na uso,
ndiyo maana nilimwonyesha wangu.

Wala hakunihimiza. "Fikiria kwanza," aliandika,
"dawa si shati, hairudishwi."
Nikacheka peke yangu. Muuzaji anayekwambia usinunue
ni nadra kama hariri kwa bei ya marekani.
Akaleta picha: kasha, muhuri, tarehe ya kuisha.
Akaleta sauti ya mwanamume wa Mambrui akishukuru
hadi maneno yakamkwama kooni.
Nililia kidogo. Sijui kwa nini.

Siku ya kulipa nilikosea, nikazidisha hamsini.
Hata sikuwa nimeona. Chai haijapoa
ikarudi, na maneno mawili tu: "Haki yako."

Hamsini! Swabri mwenyewe nina deni kwake la mia tatu
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Hapo ndipo nilipoingia,
kama kifungo kwenye tundu lake.

Kisha akataka kujua kazi yangu,
na mzigo ukaja na basi la alfajiri
umeandikwa juu kwa wino mweusi: VIPURI VYA CHEREHANI.
Karani akaniangalia nilivyoubana kwapani.
"Mashine imeharibika tena, Fundi?"
Nikasema ndiyo.
Alinidanganyia watu kwa ustadi ule
nikaona hawezi kunidanganya mimi.

Usiku una mwenyewe, sitaueleza.
Nasema tu, usiku wa nne moyo ulinitoka mbio
kama cherehani iliyokatika mkanda:
gurudumu lazunguka, sindano imesimama.

Hospitali. Muuguzi mdogo, kalamu tayari:
"Nani aliyekupa?"
Nikafungua mdomo.
Nilijua mamake ana sukari. Nilijua Ijumaa huchelewa kujibu,
na kwamba mwanawe wa kwanza anaogopa kuku.
Jina sikuwa nalo.

Nikamwandikia kutoka kitandani. Akajibu upesi:
pole ndefu, dua ndefu zaidi,
na mwishoni, baada ya Amina,
kwamba iko nyingine, nyepesi, kwa wenye moyo kama wangu,
na kwangu mimi, kwa sababu ya udugu, nusu bei.

Ningependa kusema niliifuta namba palepale.
Niliisoma ile meseji mara tatu.
Kidole kilikuwa kimeshaandika "sawa", bado kutuma tu,

Mwanakheri akaingia na chupa ya uji
na ile bahasha, imepasuliwa.
Alikuwa akitafuta bobini. Sare saba hazijaisha,
shule zafunguliwa Jumatatu, na ameketi yeye kwenye mashine
tangu nilipolazwa, kidole gumba kimetobolewa mara mbili.
Hakuuliza lolote. Akavipanga vidonge juu ya shuka,
vile sita vilivyobaki, kimoja kimoja,
kama mtu anayehakikisha chenji.

"Hivi," akasema, "havitoshei."

Kisha akavuta kiti. Akanimiminia uji.
Akaniuliza nimeamkaje,

na mimi, niliyemjibu mgeni swali hilo
kila asubuhi kwa miezi miwili,
nilikosa pa kuanzia.